"Imo kwenye Ibn Saad": hiyo peke yake haitoshi

SWALI: Asalaam aleikum ustadh. Kwenye grupu letu la darsa imeletwa ile habari ya njiwa wawili na buibui waliowaficha Mtume (s.a.w.) na Abubakar kwenye pango la Thawr walipokuwa wanahama Makka, chini kimetajwa kitabu cha wasifu wa Mtume na Maswahaba, imeandikwa "Tabaqat ya Ibn Saad, juzuu 1". Mmoja anasema Ibn Saad ni thiqa (msimulizi wa kuaminika), kwa hiyo habari sahihi. Mwingine anasema Ibn Saad alikuwa katibu wa Waqidi, yule mwandishi wa habari za vita vya Mtume, na Waqidi muongo, kitabu chote kitupwe. Tushike lipi?

JIBU: Waaleikum salaam. Msishike hata moja. Swali hili halikauki, Mfungo Sita (mwezi wa Maulidi) ukiingia tu simu yangu inajaa, na kila mara ni watu wawili wanagombana na hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu chenyewe.

Kwanza huyo wa "thiqa". Ibn Saad (kafariki Baghdad mwaka 230 Hijria) ni mkweli, sina ugomvi na hilo. Lakini ukweli wake maana yake ni kwamba akisema "fulani katuhadithia", basi huyo fulani kweli kamhadithia. Kazi yake inaishia hapo! Huyo fulani naye kapokea wapi, na aliyempa ni nani, hilo Ibn Saad hakukudhaminia, kakuwekea majina uyachunguze mwenyewe. Mwanachuoni wa hadithi Ibn Swalah keshalisema hili tangu karne ya 7 Hijria, kwamba mwenyewe thiqa ila humo kitabuni kapokea sana kwa watu dhaifu, Waqidi akiwemo.

Sasa chukueni hiyo habari yenu. Ibn Saad kaipokea kwa Muslim bin Ibrahim wa Basra, huyu hana tatizo, hata Bukhari kapokea kwake. Muslim kaitoa kwa Awn bin Amr al-Qaysi, na hapa ndo mambo yanaharibika, Yahya bin Main, mkaguzi wa wapokezi, kasema huyu si kitu, na Bukhari kamwita munkar (hadithi zake hazikubaliwi). Awn kaitoa kwa Abu Musab al-Makki, ambaye hajulikani ni nani. Mwanahistoria Ibn Kathir alipofika kwenye hadithi hii ya njiwa akasema ni ngeni mno. Buibui peke yake ana njia nyingine kwenye Musnad, kitabu cha hadithi cha Imam Ahmad, kutoka kwa Ibn Abbas, hiyo Ibn Kathir kaiona nzuri na wengine wakaidhoofisha, kwa hiyo msiwachanganye njiwa na buibui kwenye hukumu moja.

Na mmeona? Waqidi hayumo kabisa kwenye mlolongo huo! Yule ndugu wa pili kapiga kelele bure. Ni kweli wanahadithi wamemwacha Waqidi, hawategemei mapokezi yake, na Imam Shafii ana maneno makali juu ya vitabu vyake, lakini Ibn Saad kapokea pia kwa Affan bin Muslim, kwa Yazid bin Harun, kwa Waki, hawa utawatupa nao? Imam Ahmad mwenyewe, pamoja na alivyomsema Waqidi, alikuwa kila Ijumaa anamtuma Hanbal bin Is-haq kwa Ibn Saad akaazime juzuu mbili za hadithi za Waqidi, anaziangalia wiki nzima, Ijumaa inayofuata anarudisha anachukua nyingine. Yeye anasoma apime, nyie mnataka kuchoma.

Kinachonichosha zaidi ni hawa masheikh wa skrinshoti. Anaingia Shamela (maktaba ya kompyuta ya vitabu vya Kiarabu), anaandika neno moja kwenye kutafuta, linamletea mistari 40, anakata matini (maneno ya habari), isnadi (majina ya wapokezi) anaiacha nje ya picha, anabandika "Ibn Saad 1/228" yaani juzuu 1 ukurasa 228, anajiona kamaliza. Chapa ipi? Ya Leiden iliyoanza kutoka 1904, iliyokuwa na mapengo kwa sababu nakala za mkono hazikutimia? Ya Beirut? Au ya Cairo ya 2001 yenye mijalada 11? Namba hazifanani. Halafu kuna wanaouza kozi ya "uhakiki wa hadithi" kwa wiki moja Zoom na cheti juu, wanafunzi wao ndo hao wanaotoka wakisema "imo Tabari", "imo Ibn Saad", kama vile hawa wanazuoni waliweka sharti la sahihi. Hawakuweka, walikusanya. Kuna watu wameshavunja undugu kwa habari za Maswahaba zilizookotwa namna hii, na hizo ni hatari kuliko njiwa.

Kwenye darsa lenu someni ile iliyomo Bukhari na Muslim, Abubakar anasema lau mmoja wao (hao waliokuwa wakiwatafuta) angeangalia miguuni pake angetuona, na Mtume (s.a.w.) anamjibu unaonaje kuhusu wawili ambao Allah ni wa tatu wao. Njiwa mkitaka kuwataja, semeni imesimuliwa na isnadi yake dhaifu. Na huyo aliyeleta picha mwambieni alete ukurasa mzima, majina yote ya juu yaonekane, ndo nitamjibu.