Mshipi Kwanza, Chambo Baadaye: Vifaa vya Besi na Kambale kwa Tulio Arusha na Moshi

Anayeanza kuvua kwa fimbo huku kwetu mara nyingi hujifunza kwenye video za Wamarekani, na nyingi zinamhusu samaki aitwaye besi mdomo mpana. Anaagiza vyambo bandia vya kila rangi, anapanda gari hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, anarudi na ndoo tupu. Samaki wa bwawa lile ni perege na kambale. Besi asili yake ni Amerika Kaskazini, na ziwa la karibu linalojulikana kwa besi ni Naivasha, Kenya, alikopelekwa mwaka 1929.

Hela hiyo haikupotea lakini. Vifaa vya besi vinafaa sana kwa kambale, mradi uanze kuchagua mshipi kabla ya chambo. Kwa perege havifai, na tutaona kwa nini.

Mishipi iko ya aina tatu. Nailoni ya kawaida inavutika kama mpira kidogo, ni rahisi kufunga, inasamehe makosa ya anayejifunza. Ubaya wake ni jua: ukiiacha dirishani au juu ya dashibodi ya gari inakakamaa na kukatika bila taarifa. Florokaboni inazama, haionekani vizuri majini, na inastahimili kusuguana na mawe, ila ni ngumu na inajikunja ikitoka kwenye rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo). Mshipi wa kusuka karibu hauvutiki, na kwa unene uleule una nguvu karibu mara tatu ya nailoni: wa paundi 30 unalingana kwa unene na nailoni ya paundi 10 hivi. Unaelea, unaonekana, na jiwe kali linaukata haraka kuliko unavyodhani.

Herufi lb kwenye pakiti ni paundi. Gawanya kwa 2.2 upate kilo. Tatizo ni kwamba mshipi mwingi wa madukani hauna maandishi, au una maandishi yasiyoaminika. Upime mwenyewe. Loweka kipande cha mita mbili usiku kucha, maana nailoni ikinywa maji inapungua nguvu na wewe utavua majini. Zungushia ncha moja mara sita kwenye tawi nene lisilo na gome la kukwaruza, ncha ya pili funga kwenye mpini wa ndoo ya lita 10 kwa fundo lilelile utakalofungia ndoano. Ndoo ikining'inia sentimita chache juu ya ardhi, mimina maji lita moja moja, taratibu. Lita ni kilo. Ongeza uzito wa ndoo yenyewe. Rudia mara tatu na ushike jibu dogo kuliko yote. Angalia pia palipokatika. Ukikatika kwenye fundo kila mara, tatizo ni fundo.

Fundo moja linatosha kwa mwaka mzima wa kwanza: Palomar. Kunja mshipi uwe wa nyuzi mbili, urefu wa sentimita 15. Pitisha mkunjo kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi kilichobaki. Lilowanishe kwa mate, vuta nyuzi zote pamoja polepole, kata mkia ubaki milimita 3. Mate si desturi tu: ukikaza fundo kavu, msuguano unatoa joto na joto linaunguza mshipi, hasa florokaboni. Tazama fundo kwa karibu. Ukiona mshipi juu yake umejikunja kama unywele uliopita kwenye moto, kata ufunge upya. Ukiwa na mshipi wa kusuka, usitumie lile fundo la kuzungusha mara tano na kurudisha mkia, linateleza.

Kwenye rili, jaza bobini hadi zibaki milimita 2 au 3 kufikia ukingo. Ukizidisha, mshipi unaruka wenyewe na kufanya kiota. Ukipunguza, hurushi mbali. Mshipi wa kusuka utangulizie mita kumi za nailoni chini, vinginevyo utazunguka wote kwenye bobini na samaki ataondoka nao huku wewe unakaza bure breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta. Breki yenyewe iweke kwa mizani ya kuning'iniza kama ya wauza nyama: mshipi wa kilo 4.5 uanze kuteleza ukivutwa kwa kilo 1.1 hadi 1.5. Kukadiria kwa mkono ndiko kunakokata mishipi mingi.

Sasa chambo. Ukivuka Namanga kwenda Naivasha, jiandae kwa maji ya tope, magugu na mafunjo. Fimbo ya mita 2.1, nzito kiasi na yenye ncha inayojibu haraka, rili ya ukubwa wa 3000, mshipi wa kusuka wa paundi 30, au 50 ukivua ndani kabisa ya mafunjo. Chambo cha kwanza kununua ni nyungunyungu wa plastiki wa sentimita 18, mweusi au wa buluu iliyoiva. Maji yakiwa masafi, kijani au kahawia. Tanguliza chubwi yenye umbo la risasi, gramu 7, kisha ndoano namba 3/0 iliyopinda shingo. Ingiza ncha kichwani mwa nyungunyungu milimita 6, itoe ubavuni, vuta ndoano mpaka shingo yake izame kichwani, igeuze, kisha choma mwili na uifiche ncha ndani ya plastiki. Nyungunyungu akae amenyooka. Akipinda hata kidogo atazunguka kama pangaboi na kusokota mshipi wako.

Kambale wa Nyumba ya Mungu unampata kwa fimbo na rili hiyohiyo. Yeye anategemea harufu, sharubu na mtikisiko wa maji kuliko macho, kwa hiyo rangi ya chambo haimshughulishi. Kibati kinachozunguka wakati mwingine humvuta, lakini utumbo wa kuku hushinda bandia zote. Tumia ndoano 2/0 hadi 4/0. Jambo moja usiliruke: pitisha kidole gumba kwenye taya la kambale aliyekufa, utasikia kama msasa. Meno hayo madogo yanasaga mshipi wa kusuka kidogo kidogo. Kwa hiyo mbele weka nusu mita ya nailoni ya paundi 40, iliyoungwa kwa suiveli, yaani kiungo kinachozunguka. Na chunga ile miiba ya mapezi ya ubavuni unapomshika.

Perege ni habari nyingine. Chakula chake kikubwa ni mwani na vidudu vidogo, mdomo wake ni mdogo, na akihisi uzito anatema. Hapa weka kando vifaa vizito: nailoni ya paundi 6, boya jembamba, ndoano namba 8 au 10, na punje ya ugali mgumu au kipande cha nyungunyungu wa kweli. Namba za ndoano huwachanganya wengi: 10 ni ndogo kuliko 4, lakini zikishafuatwa na mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0, zinakua.

Tunasisitiza hili kwa moyo wote: asije mtu akabeba besi hai kutoka Naivasha na kumwachia kwenye maji yetu. Besi anameza samaki wengine, na bonde la Pangani lina perege wa Jipe, ambaye asili yake haipo penginepo duniani. Leseni nayo ulizia ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kutoka nyumbani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaidai.

Ukiwa ziwani, kila baada ya samaki mmoja au kisiki kimoja, pitisha mita ya mwisho ya mshipi katikati ya midomo yako. Midomo inahisi mkwaruzo ambao vidole vyenye maji havihisi. Ukiusikia, kata nusu mita na ufunge upya. Nailoni ya kwenye rili badilisha yote kila mwaka, na iliyotolewa irudi nyumbani mfukoni, kwani ikiachwa ufukweni inanasa miguu ya ndege.