Tiraji inatudai, au sisi ndio tunaidai?

Wiki iliyopita niliandika mistari miwili tu kwamba bahati ya tiraji, ile kura ya kupanga nani acheze na nani (ndugu zetu wa Dar wanaiita droo), hailipi madeni. Tangu hapo simu haijapumzika. Leo najibu watano, wengine wavumilie.

*"Ekipe yetu imepangiwa ugenini mara tano mfululizo katika kombe la likizo. Mara ya sita si lazima iwe nyumbani?" (Kijana, Kamalondo)*

Hapana, mdogo wangu. Mara ya sita ni nusu kwa nusu, sawasawa na ya kwanza. Karatasi iliyo ndani ya sufuria haijui kwamba mwaka jana mlipanda lori hadi Kipushi na kurudi usiku. Kupangiwa ugenini mara tano mfululizo hutokea kwa timu moja kati ya 32, na Lubumbashi timu za mtaa ni nyingi kuliko hizo. Lazima wawepo wanaolia. Safari hii ni zamu yenu.

Najua wazee wanasema mwisho wa yote mambo hulingana. Hulingana, ila si kwa namna wanavyodhani. Chukua sarafu (hapa kwetu tumezisahau, sote tunabeba noti, lakini tuseme unayo). Irushe mara 100: ni kawaida kupishana na 50 kwa tano hivi, yaani 55 kwa 45. Irushe mara 10,000, utapishana na 5,000 kwa kama 50. Ukitazama asilimia, umekaribia nusu kabisa. Ukihesabu moja moja, pengo limetoka 10 likafika 100! Asilimia inanyooka huku deni linanenepa. Na timu inayoingia kwenye tiraji nne kwa mwaka inahitaji miaka 25 kufikisha hizo 100 za kwanza. Kufika huko, wewe utakuwa unawaleta wajukuu uwanjani.

Tena tiraji hazina uzito mmoja. Mwaka 1968, katika nusu fainali ya Ulaya kule Naples, Italia na Usovieti zilimaliza dakika 120 bila bao, mwamuzi akarusha sarafu. Italia wakapita, wakachukua na kombe. Miaka miwili baadaye penalti zikaingia kwenye sheria. Hiyo sarafu ya pili, ya kuwafidia Wasovieti, ingetoka wapi?

*"Mtoto wangu anasema mipira ya tiraji ya Ulaya hupashwa moto au hutiwa friji ili mkono uitambue. Ni kweli?" (Mama, Katuba)*

Mama, maneno hayo yana mwenyewe. Mwaka 2016 Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA, alidai aliwahi kushuhudia ujanja huo katika tiraji ya Ulaya. Mimi nayaacha alipoyaweka. Lakini kwamba mkono unaweza kujua, hilo siwezi kukubishia, maana nililiona nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kombe la mtaa wetu lilipangwa kwa vifuniko vya chupa za bia ya Simba. Namba zilikwaruzwa upande wa ndani kwa msumari, vifuniko vikatiwa ndani ya kofia. Sasa, kifuniko kilichofunguliwa kwa kifungulio hukunjika katikati, na kilichofunguliwa kwa meno huinuka pembe moja. Chetu kilikuwa kimepondwa kwa jiwe, bapa kama shilingi. Mwokotaji alikuwa hatazami ndani, lakini kidole chake kilizunguka mle ndani kwa muda mrefu mno. Miaka mitatu mfululizo tukakutana mechi ya kwanza na wale wakubwa wenye ndevu. Mwaka wa nne kaka yangu akaleta vifuniko vyote kutoka kreti moja, vimefunguliwa kwa kifungulio kimoja. Tukakutana nao tena. Hiyo ya nne ndiyo bahati mbaya ya kweli, na ajabu ni kwamba haikutuuma sana.

Na pengine hakuna mwizi, kuna kosa tu. Tarehe 13 Desemba 2021 UEFA ilifuta tiraji ya Ligi ya Mabingwa na kuirudia siku hiyohiyo, kisa hitilafu ya programu. Real Madrid walikuwa wamepata Benfica, wakaishia na PSG. Walilalamika sana. Wakawatoa PSG, na mwezi Mei wakabeba kombe.

*"Kwa nini kwenye tiraji timu kubwa zinatengwa kwenye vyungu vyao? Si wote waingie chungu kimoja?" (Mwalimu, Kampemba)*

Mwalimu, piga hesabu hii. Timu nane, kura huria, ratiba imepangwa hadi fainali. Aliye wa pili kwa ubora ana nafasi 3 kati ya 7 za kuwekwa upande mmoja na wa kwanza. Maana yake karibu nusu ya nyakati atakayefika fainali siye wa pili kwa ubora. Vyungu vinaondoa hilo. Vinawalinda pia wakubwa na mapato yao, tusijifanye hatuoni. Kombe la FA la Uingereza bado linachanganya wote pamoja, na mimi napenda zaidi hivyo.

*"Mwaka 2015, Kombe la Mataifa ya Afrika, Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walivuka kundi bila kushinda. Hiyo si bahati?" (Papa, Ruashi)*

Papa, sare tatu, ndiyo. Cape Verde nao sare tatu, na sisi kwa sisi 0-0. Tulipita kwa sababu tulifunga mabao mawili, wao moja. Bao halitoki kwenye sufuria. Bahati ilikuwa upande wa pili wa mashindano yaleyale: Guinea na Mali kila moja ilitoka 1-1 katika mechi zake zote tatu za kundi, hakuna cha kuzitenganisha, tarehe 29 Januari kura ikapigwa Malabo. Mali wakafunga mizigo. Guinea wakapigwa 3-0 na Ghana.

*"Kiri tu kwamba kombe la vilabu vya Afrika la 1967 Mazembe wenu waliokota." (Mwana Lupopo, watani wa Mazembe hapa Lubumbashi, hakutaja mtaa)*

Nilijua utakuja. Wakati ule Mazembe wakiitwa Englebert, katika fainali walitoka 1-1 na Asante Kotoko ya Ghana kule Kumasi, kisha 2-2 Kinshasa. Mechi ya kuamua ilipangwa Yaoundé, Kotoko hawakutokea, kombe likaja kwetu. Waghana wanasema chama chao hakikuwafikishia taarifa. Kuokota? Sawa, liite hivyo, ingawa 1968 walilitetea.

Ila najua unapoelekea, kwa hiyo nikutangulie. Mwaka 1970 fainali ikawa tena Englebert na Kotoko. Kumasi ikaisha 1-1, na watu wa Kotoko wakaja Kinshasa wakashinda 2-1 mbele ya watu wetu. Utasema deni limelipwa. Wao hawakungoja kulipwa, papa: safari ile walipanda ndege.