Maswali na Majibu: Kathodi Mpya Haitibu Ombwe Bovu

*Shikamoo mwalimu. Geji ya ayoni ya maabara yetu, ile inayopima presha ndani ya chumba cha ombwe (kilichovutwa hewa), imeunguza filamenti tena. Nasikia kathodi (vyanzo vya elektroni) za nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni, hazipashwi moto. Tukiziweka, tutapona? – Mwanafunzi, Tengeru*

Marahaba. Hukuniambia filamenti iliungua wakati gani, na jibu lote liko hapo.

Filamenti ya tungsteni hutoa elektroni ikiwa imepashwa moto mkali sana, karibu nyuzijoto 2,000. Hewa ikiikuta katika hali hiyo, imekwisha. Elektroni zikishatoka huvutwa na gridi, zikagonga molekuli za gesi, na ayoni (molekuli zenye chaji) zinazopatikana hukusanywa na waya mwembamba wa katikati. Mkondo wa waya huo ndio unaogeuzwa kuwa namba ya presha. Umbo hilo lilitolewa na Bayard na Alpert mwaka 1950 na hadi leo linatumika sana.

Nanotyubu inabadilisha chanzo cha elektroni tu. Ncha yake ni nyembamba mno, nanomita chache, hivyo uga wa umeme hujikusanya pale hadi elektroni zikachomoka bila moto. Volti chache kwa kila mikromita ya nafasi zinaweza kutosha kuanzisha kazi. Mnaokoa wati kadhaa, na kuta za geji hazipati joto la kuzifanya zitoe gesi ambayo geji hiyo hiyo itaihesabu. Kwa ombwe la presha ya chini kabisa, hii ni hatua kubwa na mimi naiunga mkono.

Lakini kaboni nayo ina adui. Ombwe likiwa bovu, ayoni hurudi kuipiga kathodi na oksijeni inaila. Mkondo unayumba, kisha unashuka. Ikiwa imezimwa, hewa haiidhuru. Tazameni basi umeme unapokatika: pampu inasimama, hewa inarudi chumbani, umeme unarejea, na geji inawaka sambamba na pampu wakati chumba bado kimejaa hewa. Hapo mtakuwa mmeua kathodi ya gharama badala ya filamenti. Kwanza wekeni valvu inayojifunga umeme ukikatika, na kizuizi kisichoruhusu geji kuwaka presha ikiwa juu ya paskali 0.1. Mkimaliza hayo, ndipo tuzungumze nanotyubu.

*Masizi ya kibatari si kaboni pia? Siwezi kuyapaka kwenye bati nikapata kathodi? – Njiro*

Hapana. Nanotyubu hukuzwa ndani ya tanuru, kwa gesi yenye kaboni inayopita juu ya chembe za chuma au nikeli. Na ukipata unga wake dukani, usiupulize wala usiufungue bila barakoa. Mapafu hayana njia rahisi ya kuutoa.

*Ipi bora, geji ya Pirani au ya ayoni? – Wasomaji kadhaa*

Mnauliza hili kila mara, na kila mara hamtaji presha! Pirani husoma jinsi gesi inavyopoza waya wa moto, na ikikaribia paskali 0.1 huanza kupoteza uhakika. Ya ayoni huanzia hapo kwenda chini. Mashine ya ombwe la juu inazihitaji zote mbili.

*Mimi ni fundi friji. Nikivuta vakyumu, mshale wa geji ya bluu unagota 25, haufiki 30. Dukani wameniambia pampu imechoka, ninunue nyingine. – Ngarenaro*

Usinunue, fundi. Aliyekuambia hivyo anauza pampu.

Geji yako hupima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje. Ile 30 ni inchi za zebaki za usawa wa bahari, yaani Dar es Salaam au Tanga. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, na hewa yetu ina kilopaskali 86 hivi, sawa na inchi 25 na ushee. Hata pampu ya kutoka kiwandani jana haiwezi kutoa hewa ambayo haipo. Ndugu zetu wa Moshi mjini watafika 27 hivi.

Ninachokuonya ni kuuamini mshale huo kwa jambo lolote zaidi. Hauwezi kukuonyesha kama ndani kumebaki unyevu, na unyevu ndio unaoua kompresa. Tafuta geji ya mikroni, inayosoma presha ndogo sana iliyobaki ndani. Vuta hadi mikroni 500, funga valvu ya pampu, subiri. Namba ikipanda kisha ikatulia, kuna maji. Ikipanda bila kutulia, kuna tundu. Na badilisha oili ya pampu. Nyingi zinazoitwa mbovu zina oili iliyolewa maji.

*Tumeingiza agoni chumbani, sasa geji ya ayoni inasoma juu kuliko ile ya kiwambo (inayopima msukumo wa gesi kwenye utando). Ipi inadanganya? – Moshi*

Hakuna. Geji ya ayoni hupimwa kiwandani kwa naitrojeni, na agoni hutoa ayoni kwa urahisi zaidi. Gawanya kwa 1.3. Ingekuwa heli, ungezidisha kwa 5 na zaidi. Filamenti au nanotyubu, hesabu hii haiepukiki, kwa hiyo kwenye daftari la maabara andikeni gesi kando ya kila presha.