Chanjo ya DNA ya kumeza: msiishie kwenye damu

Wadogo zangu mnaoanza maabara hapa Mbeya, juzi nimesikia tena kwenye semina: "DNA inamezwa, kingamwili zinatoka." Hapana jamani. Hapo katikati ndipo kazi yote ilipo.

1. DNA si antijeni, yaani kile ambacho kinga hukitambua. Plasimidi (duara dogo la DNA linalobeba chanjo) ni maelekezo tu: mpaka ifike kwenye kiini cha seli, isomwe, protini itengenezwe, ndipo kinga ipate cha kutambua. Ikienda tupu, asidi ya tumbo na vimeng'enya huimaliza njiani. Ndiyo maana hufungiwa kwenye chembe za kaitosani (polima itokanayo na magamba ya kamba) au kubebeshwa bakteria wa salmonela aliyedhoofishwa.

2. Ijueni njia. Seli M zilizo juu ya mabaka ya Peyer (vituo vya kinga kwenye ukuta wa utumbo mdogo) huzivuta chembe na kuzipitisha kwa seli za dendriti (zinazoonyesha antijeni kwa kinga) zilizo chini yake. Antijeni ikionyeshwa kwa seli T, seli B nazo hugeukia kutengeneza IgA (kingamwili ya utumbo na ute), husafiri kwa limfu na damu, kisha hurudi kwenye ukuta wa utumbo. IgA hiyo huvushwa hadi kwenye ute, na hutoka na mavi.

3. Hapa ndipo mnaponiumiza roho. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, alichanja panya wake, akatoa damu, akapima IgG (kingamwili kuu ya damu), akakuta kidogo, akaandika kwamba chanjo imeshindwa. Nikamuuliza: mavi yako wapi? Kila asubuhi alikuwa anayamwaga jalalani pamoja na pumba za vizimba. Labda chanjo ilishindwa kweli, labda utumbo ulijaa IgA. Hatutajua kamwe, na panya walishakufa. Iliniuma, maana alikuwa amejinyima usingizi kwa kazi ile. Basi okoteni mavi yakiwa mabichi, myaweke kwenye bafa (kimiminika kinachozuia asidi kubadilika) yenye vizuizi vya protisi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, kisha mlinganishe IgA ya antijeni yenu na IgA yote iliyomo. Na baridi ya Juni isiwadanganye: sampuli zikae frizani, si dirishani.

4. Utumbo umezoea kuvumilia chakula, kwa hiyo bila kichochezi (kiongezwa kinachoamsha kinga) unaweza kuivumilia na antijeni yenu.

5. Msichanganye njia. Waliojitolea Mbeya kwenye TaMoVac, majaribio ya chanjo ya VVU ya Tanzania na Msumbiji, walipewa chanjo ya DNA ya VVU kupitia ngozi. ZyCoV-D, chanjo ya DNA ya UVIKO-19 iliyoidhinishwa India mwaka 2021, nayo ni ya ngozi. Ya kumeza bado tunaijua zaidi kwa wanyama.

Mnaochanja wiki ijayo, nileteeni mpango wa sampuli kwanza. Usipotaja mavi, sisaini.