Kwa nini exec haionyeshi kigeu chako ndani ya funksheni

Ndugu, Python yako haina kasoro. Amri ya exec huchukua matini na kuyakimbiza kama msimbo wa Python. Umeandika exec("jumla = 5") ndani ya funksheni, kisha print(jumla) ikakurushia NameError, yaani kosa la jina lisilojulikana. Sababu ni kwamba vigeu vya ndani hupangwa wakati funksheni inatafsiriwa, kabla haijaanza kukimbia. Wakati huo "jumla" ni herufi tu ndani ya matini, kwa hiyo print huenda kuitafuta nje, kwenye vigeu vya faili zima, na huko haipo. Hata ungeanza na jumla = 0, ungechapa 0, maana exec huandika kwenye nakala ya vigeu vya ndani, si kwenye vigeu vyenyewe. Katika Python 2 mbinu hii ilikuwa inakubali, ndiyo maana mafunzo ya zamani bado yanapotosha watu.

Ipe exec kamusi (dict) yako mwenyewe ya kuwekea vigeu; hapa msimbo ni matini yako, mfano "jumla = 5":

nafasi = {}
exec(msimbo, nafasi)
print(nafasi["jumla"])

Tafadhali pitisha kamusi moja tu. Ukipitisha mbili tofauti, msimbo hukimbia kana kwamba uko ndani ya klasi: funksheni zitakazozaliwa humo hazitaona majina ya jirani zao, na NameError itarudi kwa mlango mwingine. Hili huwasumbua hata wazoefu.

Na kama matini hayo yanatoka kwa mtumiaji, usitumie exec kabisa. Kamusi tupu haizuii msimbo wa hila kufuta mafaili yako.