Kwanza jina lake liandikwe

Mmeuliza mwanamke mkulima wa kijijini asaidiwe nini kwanza, najua wengi watasema mikopo. Mi niko Urambo huku Tabora na jibu langu ni jina lake liandikwe, kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima (AMCOS) na kwenye hati ya shamba, mikopo ije baadae.

Huku kwetu ni tumbaku. Mama ndo anaanza na kitalu, anamwagilia asubuhi na jioni, ikihamia shambani anapalilia, wakati wa kuchuma mikono inaganda utomvu mweusi hata sabuni ya mche haiutoi, alafu usiku anaamka kuchochea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, maana moto ukizimika majani yanaharibika rangi na gredi inashuka, na mtoto yuko mgongoni. Sasa siku ya malipo mwanachama wa AMCOS nani? Baba. Akaunti ya benki ya nani? Baba. Mama hajui hata mbolea ilikatwa shilingi ngapi, na wapo wanaume wakishapokea wanaonekana nyumbani hela imeisha. Sisemi wote, babangu alikua anamhesabia mama mezani wote tukiona.

Na sheria ipo jamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, mke na mume wanaweza kuomba hati ya kimila kwa majina yote mawili, na baraza la ardhi la kijiji lina watu 7, wanawake wasipungue 3. Shida inaanza siku ya kupima shamba, mama yuko kwenye majembe, baba ndo anasimama na wapimaji, linaandikwa jina moja basi. Mume akifariki ndugu wanafika na mjane anaanza kuzunguka kwa mwenyekiti.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 ya wanawake, ni mizuri naikubali kabisa, ila hela mama anaizika kwenye shamba ambalo akiachika anatoka na masufuria tu.

Kwa iyo wasaidizi wa kisheria waje siku ya gulio na fomu mkononi, wasituitie semina mjini, nani atamuachia nani bani? Na nyie makatibu wa AMCOS nawaomba sana, mkiandikisha wakulima msimu ujao, kabla hamjafunga daftari muulizeni baba, na mama tumuandike heka ngapi?