Chai ya matunda ni tamu, ila haipikwi kama majani

Dada uliyeuliza, umesema daktari amekuambia upunguze majani ya chai juu ya kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, ukanunua chai ya matunda ukaona ni maji ya rangi tu. Pole. Usiitupe bado.

Mi nimelelewa Nakuru, na kwetu chai ya maziwa ilikuwa asubuhi, saa nne, saa kumi na baada ya ugali. Nikahamia Kisumu kikazi nikaendelea hivyo hivyo, nikawa nakodoa macho mpaka saa nane usiku nikilaumu joto na mbu. Kumbe kafeini, ile kitu ndani ya majani ya chai inayofukuza usingizi, ukiinywa saa kumi na moja jioni, ikifika saa nne usiku karibu nusu yake bado inazunguka mwilini.

Sasa kwanza geuza hiyo pakiti usome nyuma. Kuna zingine zimechorwa embe na stroberi kubwa mbele lakini ndani ni majani ya kawaida yametiwa ladha. Meusi, ya kijani, hata ile ya zambarau, aina inayoitwa TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, yote ni mmea mmoja na yote yana kafeini. Unachotaka ni maua ya haibiskasi (Wasudani wanaita karkade), maganda ya machungwa, vipande vya tofaa, vitu kama hivyo. Hata rooibos, majani ya kichaka kingine cha Afrika Kusini, iko sawa, haina kafeini.

Halafu upishi, na hapa ndo wengi wanakosea. Kile kifuko tumezoea kukichovya dakika moja tukatoa. Matunda yaliyokaushwa ni magumu, yanataka maji yamechemka kabisa na dakika kumi hivi, na ufunike kikombe na sahani kwa sababu harufu ndo nusu ya utamu, ukiacha wazi inaenda na mvuke. Na usiweke maziwa tafadhali. Mi niliweka siku shemeji zangu wamekuja, nikidhani napika ya heshima, yakakatika vile yanakatika ukiyatia limau, nikamwaga sufuria nzima watu wakiwa wameketi sebuleni wanangoja. Haibiskasi ina asidi nyingi. Ndo maana pia siipiki kwa sufuria ya alumini, natumia ya stenlesi.

Ya baridi ndo naipenda zaidi, hapa Kisumu mchana wa Februari hakuna kinywaji kinaishinda. Nanunua nanasi soko la Kibuye, naosha maganda vizuri sana kabla ya kumenya, nayachemsha na tangawizi iliyopondwa na mchaichai dakika 20 kwa lita moja ya maji, naepua, ndo natupia kiganja cha maua ya haibiskasi na kufunika. Iwe kali kuliko vile ungetaka, maana barafu itayeyuka iipunguze. Asali weka ikiwa bado moto, ikipoa inakaa tu chini ya jagi. Ikishapoa nachuja naongeza maji ya matunda ya pasheni mawili matatu, na ndani ya friji. Wengine wanaloweka maua kwa maji baridi usiku kucha, lakini mi siwezi, maua ya sokoni yameanikwa nje yakapita mikono mingi, lazima yaguse maji ya moto kwanza.

Ya moto ni ya Nakuru, Julai, ile baridi ya jioni. Maganda ya chungwa, mdalasini na tangawizi. Mamangu mara ya kwanza alikataa, akasema chai bila majani ni dawa, saa hii ndo ananipigia simu nikienda nimbebee maua.

Lakini ukiwa unameza dawa za presha uliza daktari kwanza, haibiskasi inashusha presha kidogo. Mwenye mimba pia aulize, na kama una vidonda vya tumbo hiyo asidi inaweza kukusumbua.

Na usiache majani ghafla, kichwa kitakuuma siku mbili tatu mpaka uone chai ya matunda ndo mbaya. Mi nilianza kwa kubadilisha kikombe cha usiku peke yake, baada ya wiki mbili nikabadilisha cha saa kumi. Cha asubuhi bado nakunywa, na maziwa yake.